Mama Eugenia na Jini wa Kurithi

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Muuguzi Mkuu Eugenia Melkiori atarudisha ufunguo wa Chumba Namba Saba na kustaafu utumishi wa umma. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo imefanywa na Ofisi ya Utumishi. Mwenyewe anadai ni miaka thelathini na sita, kwa kuwa anajumlisha na vikao.

Wasifu huu umeandikwa kwa ombi la Kamati ya Sherehe, iliyotaka kurasa mbili na isiyotaka utani. Kurasa zimezidi kidogo. Kuhusu utani, yameandikwa yaliyotokea tu. Watu wa familia ya marehemu Mwinyimadi wa Mzenga, wanaotajwa humu, wameridhia kwa maandishi. Bi. Shamsia Mwinyimadi aliongeza sharti kwamba jina lake liandikwe lote kwa herufi kubwa. Sharti hilo limekataliwa, maana kanuni ya uandishi inataka herufi kubwa mwanzoni tu.

Eugenia alizaliwa Mahenge mwaka 1965. Aliripoti hospitalini Kibaha tarehe 18 Machi 1991, akiwa na sanduku la bati, cheti cha uuguzi na sauti ya kwaya ambayo hadi leo haijakubaliana na kinanda chochote. Alipangiwa wodi ya wazazi, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Wazazi wengi wenye shukrani waliwapa mabinti zao jina lake. Majirani hawakuwa na muda na jina refu kiasi hicho, wakalikata likabaki Jeni. Naye mwenyewe akawa Mama Jeni kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi. Msomaji alikumbuke jina hilo.

Mwaka 2016 alipelekwa mafunzo ya miezi tisa kuhusu ushauri kwa watu ambao koo zao zina saratani ya kurithi. Aliporudi alipewa Chumba Namba Saba, kilichokuwa stoo ya mifagio, afungue kitengo kipya. Kazi yake ilikuwa kukaa na mwanamke ambaye mama yake, bibi yake au shangazi yake aliugua saratani ya matiti au ya mfuko wa mayai, kumweleza kwa nini ugonjwa huo hurudi katika baadhi ya koo, na kumsaidia kuamua kama anataka damu yake ipimwe au hataki. Neno hataki limo kwa makusudi. Eugenia alilisimamia kuliko maneno yote.

Tangazo la kwanza lilibandikwa getini. Lilisema: "Karibuni kupima jeni." Siku ya kwanza walikuja watu watano. Wanne walikuwa majirani waliokuja kumpa pole Mama Jeni, wakiamini kwamba anaumwa na kwamba hospitali inaomba wananchi wasaidie kumpima. Wa tano alikuwa fundi cherehani mwenye futi yake shingoni. Alifungua daftari, akauliza Jeni mwenyewe yuko wapi, na kama sare anayopimiwa ni ya mikono mirefu au mifupi. Eugenia aliwakalisha wote watano, akawapa somo la saa moja na nusu. Fundi alirudi Alhamisi na dada yake. Hivyo ndivyo kitengo kilivyopata mteja wake wa kwanza.

Somo lake lilikuwa jepesi. Jeni, alisema, ni maagizo madogo yaliyomo mwilini, ambayo mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kila mtu anazo. Kinachotafutwa ni kasoro katika agizo fulani. Mwenye kasoro hiyo hajawa mgonjwa, ila hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine, na akijua mapema anaweza kuchunguzwa mapema. Mtoto wa mwenye kasoro anaweza kuirithi au asiirithi, na nafasi ni nusu kwa nusu. Somo hilo lingeweza kusemwa kwa dakika nne. Eugenia hulianza kwa maneno "kwa kifupi", na hapo wenyeji hutafuta kiti chenye mto.

Ili kuchora ukoo wa mteja alitumia ungo. Wanawake wa ukoo walikuwa korosho, wanaume walikuwa karanga, na aliyeugua alipakwa alama ya wino. Ilikuwa njia nzuri yenye kasoro moja, nayo ilidhihirika alipofika Mzee Hashiru wa Maneromango, akimsindikiza mkewe. Wakati Eugenia akitafuta miwani yake, iliyokuwa juu ya kichwa chake kama kawaida, Mzee Hashiru alikula shangazi zake wawili na bibi mmoja wa upande wake mwenyewe.

"Mzee, hao ni ndugu zako!" Eugenia alisema.

"Ndiyo maana nikaona watamu, mwanangu," alijibu Mzee Hashiru, akiendelea kutafuna. "Sisi kwetu ni watu wa watu."

"Na huyu mwenye wino, aliyebaki?"

Mzee Hashiru aliacha kutafuna. Ndipo ilipojulikana kwamba mwenye wino alikuwa mama yake mzazi, na kwamba maisha yake yote aliamini ugonjwa wa matiti wa mama yake haumhusu yeye wala binti zake, kwa kuwa yeye ni mwanamume. Aliambiwa kwamba baba naye hurithisha. Aliomba maji, kisha akaomba apimwe kabla ya mkewe. Tangu siku hiyo ungo ulihamia kwenye vifuniko vya soda.

Wapo waliokuja kwa njia nyingine. Mama mkwe mmoja wa Kibaha, ambaye jina lake linahifadhiwa kwa sababu bado ana nguvu, alifika na mwalimu Elinipa, mchumba wa mwanawe, akadai apewe cheti kwamba ukoo wa msichana ni safi kabla ndoa haijafungwa. Eugenia alimweleza kwamba majibu ni mali ya mwenye damu na hayatolewi kwa mtu mwingine, awe mume, mkwe au mkuu wa mkoa. Mama mkwe alikasirika. Eugenia alimwomba, wakati akiendelea kukasirika, apange vifuniko vya ukoo wake mwenyewe, apate kuona kazi inavyofanywa. Alipanga. Alipofika kwenye kifuniko cha nne chenye wino aliacha kukasirika. Ndoa ilifungwa Desemba, na cheti kilichotakiwa kilikuwa cha ubatizo tu.

Sasa tufike kwenye barua.

Mwezi Mei 2019 Eugenia aliandika kwa mkono barua ya kuwaalika wanawake wa Mzenga, wilayani Kisarawe, waje kuonana naye katika zahanati ya kijiji. Mwandiko wake unafahamika. Herufi yake ya e haifungui kinywa. Alipoandika "jeni ya kurithi", Faraji wa masjala, aliyeichapa, alisoma "jini ya kurithi" na kuchapa alichokisoma. Barua ikaletwa kwa msahihishaji, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu. Msahihishaji alisikitishwa sana na neno "ya". Alitumia nusu saa kuamua iwapo jini ni kiumbe hai, akaridhika kwamba ndivyo, akalipeleka kwenye ngeli ya A-WA, akafuta "ya", akaandika "wa" kwa kalamu nyekundu. Hakutumia hata dakika moja kujiuliza hospitali inampima jini wa nini. Barua iliondoka Kibaha ikiwa haina kosa lolote la sarufi.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Zaidi, aliisoma kwa kipaza sauti Ijumaa baada ya sala. Alitangaza kwamba wanawake wote ambao mama au bibi zao waliugua wafike Jumanne kupimwa jini wa kurithi, bure, na wataalamu kutoka Kibaha.

Eugenia alitarajia wanawake wanane. Walikuja hamsini na watatu. Walikuja na chetezo, ubani, marashi na kuku wawili weupe. Waganga watatu walifika pia, wakiwa wamevaa vizuri, wakataka kuonyeshwa kifaa. Mmoja wao aliitazama chupa ya damu kwenye mwanga, akasema kwa heshima ya kitaalamu kwamba ni ndogo sana, jini wake hawezi kuenea humo.

Daktari aliyekuwa kwenye msafara alipendekeza watu waombwe radhi na waondoke.

"Waondoke waende wapi?" Eugenia alisema. "Wengine wametembea tangu alfajiri. Wameshafika, wakae."

Alisimama mbele yao, akasema ukweli. Alieleza kwamba barua ilikosewa, kwamba hakuna kipimo cha jini, kwamba anayetaka kuondoka aondoke bila kinyongo. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa chai ilikuwa imeshaanza kunukia. Ndipo akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo yake. Alimwita kila mwanamke peke yake, akamuuliza maswali mawili tu: jini wa kwenu amewashika nani na nani, na huwashika wapi?

Wengi walijibu kichwani, kiunoni, au wakati wa kuombwa wapike. Hao walipewa chai. Lakini wanawake kumi na mmoja walijibu kwenye titi, au chini ya kitovu, wakataja bibi, mama, mama mdogo, dada, kwa majina na kwa mwaka. Hakuna hata mmoja miongoni mwa hao kumi na mmoja ambaye angekuja kwa kuitwa na saratani. Walisema hivyo wenyewe. Saratani waliiogopa. Jini walikuwa wamemzoea.

Wa kwanza katika hao alikuwa Bi. Swaumu Mwinyimadi, muuza maandazi, wakati huo akiwa na miaka thelathini na tisa.

"Shikamoo mama. Huyu wetu anakula matiti," alisema, akiweka chetezo chini. "Alianza na bibi, akaja kwa mama, akaja kwa mama mdogo. Kila mara la kushoto. Lakini anapenda marashi. Mkimchoma sindano hatakasirika?"

"Marahaba. Akikasirika atanikasirikia mimi," Eugenia alimjibu. "Wewe nipe mkono."

Majibu yalipatikana baada ya wiki saba. Bi. Swaumu alikuwa na kasoro. Aliambiwa kwa utaratibu, chumbani, kwa sauti ya kawaida. Alilia, kisha akauliza kama mama yake alikuwa nayo, akajibiwa kwamba inaelekea alikuwa nayo. Akasema: "Basi hakurogwa. Wala mama mdogo hakurogwa. Miaka kumi tulimnyima salamu shangazi yangu bure, tukidhani ndiye mchawi." Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa shangazi huyo, akiwa na maandazi. Mwaka uliofuata, katika uchunguzi wa kawaida, uvimbe ulionekana ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Ulitolewa. Bi. Swaumu yuko hapa leo kwenye sherehe, mstari wa pili, na maandazi mtakayokula ni yake.

Swaumu ana wadogo watatu. Seifu alikuja akiwa amejifunga kanga ya dada yake kichwani, kwa kuwa alidhani wanaume hawaruhusiwi. Fadhila alikuja baada ya miezi mitano. Majibu yao wanayajua wao. Akabaki Shamsia, kitinda mimba, muuza korosho, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano, mwenye ulimi unaoogopwa hadi Kisarawe mjini. Shamsia alisema hataki kujua. Aliombwa na dada zake. Alitumiwa masheikh wawili. Alisema akishajua hataweza kucheka, na bila kucheka korosho haziuziki.

Hapa ndipo tabia ya Eugenia inapoonekana wazi. Mshauri haruhusiwi kumsukuma mtu. Mtu ana haki ya kutojua, na Eugenia aliyefundisha haki hiyo kwa miaka yote hakuwa tayari kuivunja. Lakini aliwahi kumwona mama mdogo wa Shamsia katika siku zake za mwisho, na alijua Shamsia hachunguzwi kokote. Kwa hiyo alianza kununua korosho.

Kila baada ya miezi mitatu, kwa karibu miaka sita, Eugenia alikwenda Mzenga siku yake ya mapumziko, akaketi kwenye benchi la Shamsia, akanunua korosho, akaongea habari za mvua, za kwaya na za bei ya vitenge. Hakutaja jeni. Hakutaja damu. Hakutaja titi. Siku moja Shamsia mwenyewe alichoka.

"Mama Jeni, umetoka Kibaha kuja kuniambia nini?"

"Sijaja kukuambia kitu. Nimekuja kununua korosho."

"Kibaha hakuna korosho?"

"Zipo. Hazina maneno kama zako."

"Haya. Na usiniambie."

"Sikuambii."

Korosho hizo zilifika hospitalini kwa magunia. Zililiwa katika vikao vya idara, vikao vya bajeti, mafunzo ya kuzima moto na misiba miwili. Watumishi wapya waliamini kwamba korosho ni sehemu ya mwongozo wa serikali. Hata ungo wa Chumba Namba Saba ulirudi kwenye korosho, kwa sababu vifuniko vilikosa pa kukaa, ila Mzee Hashiru aliwekewa sahani yake ya pembeni. Hakuna mjumbe wa kikao aliyefahamu kwamba alikuwa akitafuna subira ya mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Mwezi Aprili mwaka huu Bi. Swaumu alimpelekea mdogo wake habari kwamba Mama Jeni anastaafu. Jumatano iliyofuata Shamsia alisimama mlangoni pa Chumba Namba Saba akiwa na gunia begani, hana miadi, amekasirika.

"Shikamoo, Mama Jeni. Nasikia unaondoka."

"Marahaba, mwanangu. Mwisho wa Juni."

"Sasa nani atakuwa anakuja kutoniambia?"

Muuguzi Dotto, anayerithi chumba hicho, alikuwepo, naye anathibitisha kwamba Eugenia alimenya kwanza korosho tatu. Kisha Eugenia akamwambia Shamsia aketi. Hakumkimbiza kwenye sindano. Alimuuliza anataka kujua nini na hataki kujua nini. Akamwambia kwamba anaweza kutoa damu leo na kuyakataa majibu kesho. Akampa ungo, na Shamsia akaupanga ukoo wake mwenyewe, bibi, mama, mama mdogo, Swaumu, akajiweka yeye mwisho, korosho nzima isiyo na wino. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu hapa anaogopa tu, wala haumwi." Akanyoosha mkono.

Majibu yalifika Juni, siku kumi na mbili kabla ya kustaafu. Shamsia aliulizwa mara mbili kama bado anataka kuyasikia. Alisema anataka, na upesi, maana ameacha benchi kwa Seifu na Seifu hajui kuuza. Akaambiwa. Anayo kasoro. Alimshika mkono dada yake aliyemsindikiza, akalia kidogo. Halafu akauliza uchunguzi wa kwanza ni lini. Ulifanyika siku hiyohiyo. Hakukutwa na ugonjwa wowote. Atarudi Desemba, na baada ya hapo kwa tarehe ambazo Muuguzi Dotto amemwandikia kwa herufi zenye e zilizofungua kinywa. Alipotoka getini alimwambia mlinzi jambo lililomfanya mlinzi acheke hadi akakaa chini. Jambo hilo halichapishiki. Lakini limetuthibitishia kwamba korosho zitaendelea kuuzika.

Mafanikio mengine ya Eugenia yamo katika jalada lake, na mwenye muda atalisoma. Alifundisha wauguzi kumi na wanne. Alifika Magindu, ambako wafugaji walimwelewa haraka kuliko watu wote, kwa kuwa walikuwa wakifuatilia koo za ng'ombe wao tangu zamani na walishangaa kwamba mjini watu hawafanyi hivyo kwa mama zao. Alipoteza miwani mara nyingi isivyohesabika na kuipata mahali palepale. Hakupoteza siri ya mtu hata moja.

Anabaki nasi Kibaha, nyumbani kwake Kongowe, na kuku wake. Ameahidi kwamba hatafika tena Chumba Namba Saba kumsimamia Dotto. Hatumwamini. Ametangaza pia kwamba ataendelea kwenda Mzenga kila baada ya miezi mitatu. Alipoulizwa sababu, kwa kuwa sasa hana wa kutomwambia, alijibu kwamba korosho amezizoea.

Aliacha ombi moja la mwisho. Mwezi Agosti kitengo kitakwenda Gwata, na barua ya mwaliko imeshachapwa. Inasema "jeni ya kurithi", kwa e iliyo wazi, na imekaguliwa na watu wanne. Eugenia aliomba iongezwe sentensi moja chini. Msahihishaji aliisoma mara tatu akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sentensi hiyo inasema: "Wenye majini nao waje, watasikilizwa."

Kalamu ilirudi mfukoni. Barua imepita.

Mama Eugenia, kwa niaba ya watumishi wote, na ya akina mama waliotoka chumbani kwako wakijua, na ya waliotoka wakiwa wamechagua kutojua, tunakushukuru. Uishi miaka mingi yenye afya, miwani yako ionekane, na kuku wako watage. Na siku yoyote utakapopita getini, hatutakuambia kitu. Tutakuwa tumekuja kununua korosho.